Kitabu Alichokirudisha Dada

Dada mpenzi,

Simu zangu hupokei, basi shemeji akusomee barua hii. Huku sote wazima. Bado najitolea maktabani, kuwarekodia vitabu wasioona. Jana nilirudia sura moja mpaka koo likakauka: mara pikipiki, mara jirani anapigilia misumari. Fundi wa kurekodi akafuta yote. "Tuanze upya," akasema.

Lakini kinachonichosha ni wewe. Shemeji, hapa usiruke. Kitabu cha kwanza kurekodi nilikusomea wewe, dada yangu, ukanirudishia: "Wape vipofu." Dada, daktari ameshasema macho hayatarudi!

Leo msikilizaji mmoja kapiga simu kudai sura inayofuata. Nilimshukuru, nikakata, nikalia kwa hasira kwamba hakuwa wewe.

Mdogo wako, niliyechoka kukubembeleza