Kinanda Kilichokula Jua Letu

Shemeji Deo, mtetezi wa jenereta,

Salamu kutoka Uluguru. Uliapa kwamba tukitegemea paneli za jua juu ya basi letu la kulala, ukungu wa huku utatuumbua. Sasa sikiliza.

Jana asubuhi kijiji cha misheni tulikoegesha kilikuwa na harusi, na umeme wao ulikuwa umekatika. Mwalimu wa kwaya akaja amebeba kinanda. "Mama, hivyo vioo juu ya gari vina umeme, au ni mapambo?"

Mapambo! Nikazima friji ili betri isiishiwe chaji, nikapitisha waya dirishani mwa kanisa. Bibi harusi akaingia kinanda kikilia kwa nguvu, na nje ukungu umetanda. Betri ilikuwa imeshiba jua la juzi, Deo!

Nakiri jambo moja: wale samaki sato uliotufungashia waliyeyuka barafu. Nikawapa wapishi wa harusi, na kwaya ikawala ikikuombea baraka, maana nimewaambia wazo la paneli lilikuwa lako. Usithubutu kukanusha.

Tunakupenda pamoja na ubishi wako,
Shemeji yako Tekla