Ndoo ya Vanishi Dirishani

3 Machi
Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, uchovu tu, miguu imevimba kama mikate. Mgongo wako unasemaje? Na mwanangu Kidoti, bado anakataa kuchanwa nywele?

Kiwanda hiki cha milango ni cha ajabu. Vanishi hatuianiki. Mlango unapita juu ya mkanda, chini ya taa za LED zenye mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, unatoka mkavu kabla hujamaliza kupiga chafya. Nikithibitishwa kazini mwisho wa mwezi nitapewa chumba, nami nitamchukua mwanangu. Shida moja: vanishi yao nzito, rola ya kuipakia inakwama. Wewe ungefanyaje?
Binti yako

11 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Mgongo unalalamika lakini haujagoma. Kidoti hajambo, jana kampaka paka vanishi mkiani. Usicheke, nimemsugua saa nzima.

Miaka thelathini napaka vanishi na kusubiri siku mbili ikauke, leo unaniambia chafya. Haya. Vanishi nzito dawa yake jua. Asubuhi weka ndoo dirishani, fungua kifuniko, italegea yenyewe. Fundi huyu hajakosea tangu uzaliwe.
Baba yako

19 Machi
Baba,
Shikamoo. Natumaini ninyi wazima, maana mimi nimeharibu.

Ndoo niliiweka dirishani kama ulivyosema. Niliporudi kutoka chai nikachovya kijiti, kikagonga. Juu imekuwa ngumu kama kigae, chini uji wa mabonge. Kumbe vanishi hii haikaushwi na upepo wala joto. Inakaushwa na mwanga, na mwanga ule wa taa umo pia kwenye jua.

Msimamizi, mama wa maneno machache, akauliza nani. Nikasema ni mimi. Akasema, "Nenda nyumbani. Ijumaa tutaongea."

Sikulaumu, mkono ulioiweka ni wangu. Ila usiniandikie tena ushauri wa kazi. Na mtoto usimwambie kwamba nakuja.
Binti yako

22 Machi
Mwanangu,
Hujambo? Sisi wazima, ila chakula hakinipiti. Nimekosea. Niruhusu nimwandikie msimamizi wako kwamba kosa ni la mzee asiyezijua taa hizo.

Mtoto nilishamwambia, wiki iliyopita. Kila asubuhi anakaa kizingitini na viatu vyake vizuri. Sijui nimwambie nini.
Baba yako

28 Machi
Baba yangu,
Shikamoo. Kula. Usimwandikie mtu.

Ijumaa msimamizi aliniita stoo. Kumbe miezi minne vanishi yao inazidi kuwa nzito ndooni, nao wanagombana na muuzaji bure. Ndoo zinashinda wazi, dirisha liko hatua mbili tu. Alipoona yangu imeganda ndipo akaelewa. Akaniuliza, "Dirishani ulifundishwa na nani?" Nikamwambia, baba yangu, fundi. Alicheka mpaka akaikalia ndoo.

Jana tumebandika plastiki ya rangi ya chungwa kwenye madirisha yote, izuie mwanga ule. Vanishi mpya inateleza kama maziwa. Nimethibitishwa, baba. Chumba kina vitanda viwili. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kumchukua.
Binti yako

2 Aprili
Mwanangu,
Marahaba, na hongera. Mgongo leo haujasema neno.

Nimefunga mzigo wa Kidoti. Ni mdogo, nimeumaliza upesi. Nikakaa nikiutazama, halafu nikafunga na wangu. Kitanda kimoja mtalala wewe na mwanao, kama mlivyozoea. Hicho kingine usikipe mtu.
Babu yake