Bibi Hawezi Kuwa na Miaka Hamsini na Tano

Bwenini, Dodoma

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la huku linanipasua midomo. Mvua huko imepungua? Migomba imepona upepo? Na macho ya Bibi je? Hilo nauliza nikijua jibu, maana Mama alinisimulia kwenye simu ya matroni. Tangu siku hiyo nina hasira, Baba. Nisamehe, lakini ninayo.

Mlimpeleka Bibi hospitali atolewe mtoto wa jicho. Karani akatazama nywele zake nyeusi na mgongo ulionyooka, akacheka: "Huyu si bado binti! Matibabu ya bure ya wazee ni miaka sitini kwenda juu. Niandike hamsini na tano?" Nawe ukaitikia, "Ndiyo, mama." Mkarudi nyumbani Nkunga bila matibabu, Bibi akipapasa njia vilevile.

Ulinifundisha kwamba kumuuliza mzazi umri ni kukosa adabu. Sawa. Lakini wewe una hamsini na mbili. Bibi alikuzaa akiwa na miaka mitatu?

Juzi mwalimu wa fizikia alitufundisha umri wa nyota. Hakuna aliyeziona zikizaliwa. Wataalamu hutazama kundi lililozaliwa pamoja. Nyota kubwa huwaka upesi na kufa kwanza, kwa hiyo zilizobaki ndizo zinazosema umri wa kundi zima. Nikawafikiria wake za rika la Babu, vijana wa umri mmoja waliooa wakati mmoja na kujenga pamoja kijiji kimoja. Wamebaki wawili tu, Bibi na Bibi Subilaga, anayeishi Bulyaga siku hizi. Na Bibi Subilaga hutibiwa kama mzee siku zote!

Mwalimu akasema tena kwamba kuna wakati hesabu zilionyesha nyota moja ina umri unaouzidi ulimwengu wenyewe. Darasa zima tulicheka: mtoto kamzidi mama! Wataalamu hawakuitikia "ndiyo". Walirudi kupima upya.

Basi nanyi rudini, Baba. Nendeni na Bibi Subilaga awe shahidi. Nikija likizo, mawingu ya Rungwe yakiachia hata kidogo, nataka Bibi aone nyota nitakazomwonyesha.

Msalimie Mama, na mdogo wangu Lusajo aache kuvaa viatu vyangu. Bibi mwambie ndaga, asante sana, kwa karanga alizonitumia.

Karani akikuuliza tena umri wa Bibi, mtajie kwanza wako.

Mwanao akupendaye hata akikasirika,
Atupele