Mtihani wa Ndoo Tisa

Kwa dada yangu mkubwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipokaa, na naomba uwe umekaa kweli, maana nalijua goti lako. Nakuuliza hali ya goti hilo, na ya macho, na kama wajukuu bado wanakupandia kichwani au wameanza kukua. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Meno ni yale yale manane, na nayatumia vizuri kuliko wengi wenye kinywa kizima.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Barua zangu huwa ananiandikia jirani yangu mshona viatu, yule tunayemwita Spika. Lakini Spika akiandika husoma kila neno kwa sauti, na mtaa mzima hupata barua kabla ya mwenyewe. Hii nimeiandika mimi, na leo ni siku ya tatu niko juu yake. Mistari imepinda, naona. Nipe brashi nikuvutie mstari wa ukuta mzima bila rula wala kamba, halafu ulete huyo fundi wa siku hizi aje apime. Kalamu ndiyo inanishinda. Simu sikuitaka, kwa sababu wewe simu yako huiweka sauti ya juu na nyumba nzima inachangia hoja. Soma mwenyewe, Dada. Usimpe mjukuu akusomee.

Tangu wifi yako afariki, huu ni mwezi wa tano. Watu walikuja, walilia, walikula, waliondoka. Mimi sikulia, wewe mwenyewe uliniona. Wakasema huyu mzee ana moyo wa chuma, nikawaachia waseme, sifa haikataliwi. Lakini nikwambie ukweli, hakuna kilichokuja. Ni kama mkono ulioulalia usiku kucha. Unaugusa, unajua ni wako, ila wenyewe hausemi kitu.

Sasa habari yenyewe ni ya ndoo. Utakumbuka zile ndoo za rangi nilizokuwa narudi nazo kazini, marehemu akazitoboa chini kwa msumari wa moto, akajaza udongo na samadi, akazipanga uani kwenye ukuta. Aliacha tisa. Mbili za mchicha, moja ya spinachi, mbili za nyanya, moja ya pilipili, moja ya giligilani, moja ya mnanaa na moja ya vitunguu vya majani. Maisha yake yote nilimwambia sokoni mboga zimejaa, anahangaika na nini. Alikuwa ananijibu kwamba sokoni hazimjui.

Wewe ulipoondoka baada ya msiba, binti yangu Mwalimu alibaki wiki tatu. Siku moja akaniweka kitako mbele ya mumewe, mbele ya Spika na mkewe, akasema nihamie kwao. Akasema chumba kiko tayari, dirisha linatazama barabara, nitapata cha kutazama. Dada, unanijua. Nikapandisha sauti. Nikasema mimi si kabati la kuhamishwa. Nikasema nyumba hii kila ukuta nimeupaka kwa mkono wangu, makoti matatu ya rangi, na sitoki mpaka nitolewe nimelala. Mwalimu akauliza nani atanipikia, nikasema mimi. Akauliza nani ataangalia hata hivi vindoo vya mama, nikacheka. Nikasema kumwagilia maji ni elimu gani, hiyo kazi hata mvua inaiweza na haijasoma.

Hapo ndipo alipokasirika. Hupandisha sauti kama mimi, ila yeye ana cheti. Akasema vizuri, kama ni hivyo ananipa mtihani. Atarudi shule zikifungwa, miezi mitatu. Akikuta ndoo zote tisa ziko hai, hatalitaja tena neno la kuhama mpaka nife. Akikuta zimekufa, nafunga mzigo siku hiyo hiyo bila kufungua mdomo. Spika akapiga makofi, akasema yeye ndiye msimamizi na hakuna kuibia. Tukapeana mikono, baba na binti. Mkwe wangu alitazama chini tu. Yule ni mtu mpole, hajui kugombana, hata sijui wanaishije.

Basi nikaanza. Sitaficha, mwezi wa kwanza niliharibu. Nilimwagilia kama ninavyopaka rangi, koti la asubuhi na koti la jioni, mpaka maji yakasimama. Spika akachungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nafuga samaki. Nikamwambia ashone viatu. Lakini majani ya spinachi yalikuwa yanageuka manjano, na mimi sijawahi kushindwa kazi. Nikaenda kwa mama muuza mboga pale njia panda. Sikumuuliza, nilisimama tu kama mtu anayechagua bamia. Yeye akaniambia mwenyewe kwamba kabla ya kumwagilia nichomeke kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka na udongo, maji yapo, ondoka. Kikitoka kikavu, mwaga.

Tangu hapo nikawa bingwa. Wadudu weusi wa pilipili niliwaosha kwa maji ya sabuni, jani moja moja, chini na juu. Nyanya nilizifungia vijiti vilivyonyooka kama askari. Ndoo zenyewe nilizipaka rangi nyeupe, kwa sababu zilikuwa za bluu, zinashika joto na kuchoma mizizi, hilo nililigundua mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Mnanaa ulimwagika nje ya ndoo kama nywele. Nyanya nilihesabu ishirini na tisa kwa mpigo. Mama muuza mboga alipita siku moja akaangalia, akaondoka bila kusalimia. Spika akasema sasa hata mimi nimeanza kunukia saladi. Mke wake alikuwa anakuja na bakuli apewe giligilani, nami nilikuwa nampa, lakini kwanza namsimamisha nimweleze ninavyofanya.

Wifi yako hakuwahi kupata nyanya ishirini na tisa. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Ila mimi nilikuwa sizili. Nilichuma, nikaosha, nikaziweka mezani kwenye sinia. Zikakaa. Zikinyauka nampa mke wa Spika awape kuku wake. Mimi nilikunywa chai na mkate, asubuhi na jioni. Nyanya moja niliitafuna siku moja nikiwa nimesimama, nikasikia maji tu.

Katika mwezi wa pili kuna siku nilikaa uani na kikombe cha chai, nikitazama zile ndoo. Nikaja kushtuka jua liko upande wa pili wa ukuta, na chai ile ile iko mkononi, imepoa. Sikuwa nimelala, Dada. Sikuwa nawaza pia. Siku nyingine Spika alisafiri na mkewe kwenda harusi. Waliporudi akanisalimia, nikafungua mdomo kumjibu, sauti haikutoka. Nikakohoa mara mbili ndipo ikaja. Nikahesabu nikaona ni siku nne sijatoa neno. Nikamwambia nina mafua.

Mwalimu alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Ananiuliza baba hujambo, na huo upweke unauonaje. Mimi nasema upweke gani, hapa ni raha mustarehe, nyumba kimya, hakuna wa kunigombeza niondoe viatu mlangoni. Nasema ndoo zako ziko kama kambi ya jeshi, njoo utoe maksi. Anacheka kidogo, anasema haya baba. Nikikata simu nabaki nimeishika. Jumapili moja nilijiambia leo nitamwambia. Nilikaa na maneno mdomoni tangu asubuhi. Alipopiga nikamweleza juu ya vitunguu vya majani, jinsi ukivikata vinaota tena, mpaka muda wake wa maongezi ukaisha.

Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa na ndoo zote tisa zilikuwa hai. Nilizitazama nikaona kwamba kadiri ninavyoshinda ndivyo ninavyobaki peke yangu.

Sasa, Dada, nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

Siku nne kabla Mwalimu hajafika, asubuhi, nilibandika sufuria kubwa jikoni, ile ya marehemu ya kupikia wageni. Maji yalipochemka nikatia pakiti mbili za chumvi, nikakoroga mpaka ikayeyuka. Nikaenda uani na kikombe cha bati. Nikaanza na mchicha, nikamalizia na mnanaa. Kila ndoo vikombe vitatu. Nilifanya taratibu, bila kumwaga pembeni, kama ninavyopaka koti la kwanza. Nyanya zilikuwa zimeiva. Sikusikia uchungu wala hofu. Nilisikia mvuke usoni tu.

Adhuhuri mchicha ulikuwa umelala. Siku ya tatu uani palikuwa kama mtu amechoma karatasi. Spika alichungulia, akashuka, akachungulia tena. Akauliza ni ugonjwa gani huo unaoua ndoo zote kwa siku tatu. Nikamwambia jua.

Nikafunga mzigo. Mashati matano, suruali mbili, mashine ya kunyolea, brashi yangu ya inchi nne, na picha ya wifi yako ile aliyofumba macho. Begi nikalificha nyuma ya mlango, lisionekane limefungwa mapema. Nilijua nitakachosema. Ningefoka kwanza. Ningesema jua halikuwa kwenye mapatano. Yeye angesema baba, tulipeana mikono. Ningekaa kimya, ningekubali kwa shingo upande, ningelitoa begi. Nilijizoeza hata kile kimya.

Akafika, peke yake, na boksi kichwani. Akalitua mlangoni, akanisalimia, akapita moja kwa moja mpaka uani. Mimi nikabaki nimesimama karibu na mlango wenye begi. Nikangoja anifokee.

Aliporudi alikuwa analia. Akapiga magoti, mwalimu mzima, akaniomba radhi. Akasema mumewe hajampa raha tangu siku ile, kila akikumbuka anamuuliza ni mtoto gani anayempa baba yake mtihani kabla hata udongo wa kaburi la mama haujakauka. Akasema njiani ameshaamua kwamba vyovyote atakavyokuta hatataja kuhama. Na sasa alipoona ndoo zimekufa ameelewa alivyonitesa, namna nilivyoamka kila siku kupigania majani ili nisinyang'anywe nyumba. Akasema nyumba ni yangu, hakuna atakayenigusa. Kile chumba ameshawapa watoto waweke vitabu, ili nisione tena kama kuna kitu kinaningoja.

Hapo, Dada, ndipo mahali pa kusema. Mtu mwenye akili angesema. Mimi nikamwambia, si nilikuambia.

Ndivyo nilivyosema. Si nilikuambia. Na nikainua kidevu.

Boksi lilikuwa limejaa miche. Ameinunua kwa mtaalamu, kila mmoja kwenye kifuko chake, zawadi ya kuniomba msamaha. Akakunja mikono ya gauni, akang'oa iliyokufa, akapanda mipya ndoo baada ya ndoo, katika udongo ule ule. Mimi nimesimama namwangalia akibonyeza udongo kwa vidole kama mama yake. Nilijua udongo ule una nini. Nilifungua mdomo mara moja. Akaniangalia, nikamwambia asibonyeze sana. Akashinda siku mbili, akanipikia, akafua mapazia, akaondoka na tabasamu. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Nikampungia mkono mpaka gari likakata kona, nikarudi.

Miche imeanza kuungua pembeni. Ya nyanya imeshalala. Jumapili aliuliza inaendeleaje, nikamwambia inapaa.

Sasa nakuomba kitu, na sijawahi kukuomba kitu tangu tukiwa watoto, utakumbuka, hata ulipokuwa unagawa mimi nilikuwa nasema nimeshiba. Wewe ndiye shangazi yake, neno lako halipingi. Mpigie. Ya chumvi usimwambie, na usiseme nimekuandikia. Sema ni wewe umeamua. Sema umekaa ukafikiri ukaona mdogo wako hafai kukaa peke yake, na kwamba ni amri. Mwambie aje na mumewe, maana mkwe wangu anaweza kubeba begi.

Na mwambie hivi: nitakataa. Nitafoka, nitataja kuta, nitasema mimi si kabati. Nitakataa mara ya kwanza na mara ya pili. Asiondoke. Akae kwenye kiti pale pale, anywe maji, aniulize mara ya tatu.

Nisalimie shemeji, na wajukuu wote kwa majina yao, na yule mdogo aliyenivuta ndevu. Goti lipake mafuta ya moto, usikae kwenye sakafu. Barua hii ukimaliza ichane. Usinijibu mimi, mpigie yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.