Zinaungana au Zinapishana Tu

Baba Nasra,

Assalaam aleikum. Sijui kama salamu inakufika huko uliko, naitoa tu, maana kila nikiamka ulimi unaitoa wenyewe.

Nipo ndani ya eda. Nguo nyeupe, wanja sipaki, udi sifukizi, barazani sitoki. Majirani wananiletea chakula, kinapoa, kinaliwa na wengine. Nasra wetu amerudi chuoni, maskini, amekonda. Mama yako ndiye anayelala na mimi. Juzi amenikuta mbele ya kompyuta, akasema, "Mwanangu, hizo nyota zitakurudishia mume? Soma Yasini." Nimesoma, baba Nasra. Nimesoma mpaka sauti ikakauka. Halafu nikairudia picha, kwa sababu tulibakiza moja.

Unakumbuka ulivyoniingiza kwenye mambo haya? Ulirudi kutoka kufundisha Mapinga unachekacheka, eti mwalimu mmoja wa chuo Dar anatafuta watu wa kumwangalizia picha za galaksi, zilizo katika makundi ya mbali mno, mwanga wake uliondoka huko kabla jua letu halijakuwepo. Kazi yenyewe ni kutazama galaksi mbili zilizokaribiana na kusema zinaungana ziwe moja au zinapishana tu. Kila picha iangaliwe na wawili, bila kuchunguliana, kisha wakubaliane jibu moja. Nikakuuliza, mimi mshona mashungi najua nini? Ukasema, "Si una macho?"

Basi kila baada ya alasiri tukawa tunapeana migongo pale sebuleni, wewe na simu yako, mimi na kompyuta, kahawa katikati. Kisha ugomvi. "Bibie, wewe kila ukionacho kinaungana!" Nami nakujibu, "Na wewe kila ukionacho kinapita, una moyo wa stendi ya mabasi!" Siku hiyo ulicheka mpaka kahawa ikakupalia. Loo, ulikuwa mbishi wewe! Ulinieleza kwamba ndani ya kundi kubwa galaksi zinakwenda mbio sana, zinapitana kabla hazijashikana. Na kwamba nisipoona mkia wa nyota zilizovutwa, nisiseme zimegusana, maana moja yaweza kuwa nyuma kabisa ya mwenzake na ukaribu ukawa wa macho tu. Nikakwambia enzi zile makundi yalikuwa bado yanajikusanya, na galaksi zilikuwa zinaungana zaidi. Hilo ulilikubali shingo upande.

Hiyo picha ya mwisho tuliigombania Jumapili. Ulisema zinapishana. Nikasema zinaungana, tena nikaapa. "Tutaangalia tena kesho," ukasema, ukaenda zako kuswali magharibi. Kesho yake ukaanguka darasani. Presha, wakasema. Hukuamka.

Sasa yule mwalimu wa Dar ameniandikia, kwa adabu nyingi na pole nyingi. Kazi anaifunga. Anaomba jibu letu moja, la sivyo picha haitahesabiwa.

Wallahi nilitaka niandike zinaungana. Nani angenibishia? Nilitaka pawepo mahali, hata huko mbali kabisa, ambapo viwili vilikutana vikabaki pamoja. Nilitaka iwe hivyo kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Nimeikuza picha nikautafuta mkia tangu adhuhuri, mama yako akidhani nasoma. Hakuna mkia. Hakuna hata uzi. Kila moja imetulia na umbo lake kama haijawahi kumjua mwenzake.

Nikaandika jibu lako. Nikalituma. Halafu nikaziba mdomo kwa shungi ili mama yako asinisikie.

Watu wananiambia nitazoea. Wananiambia tutakutana, na mimi naitikia inshallah, na ninaliomba katika kila sala. Lakini leo moyo hauitikii. Naona tulipita karibu tu, mimi na wewe, mbio mbio, nami nikadhani tumeshikana. Nisamehe kukuandikia hivi. Ningemwandikia nani mwingine?

Mwalimu anasema kazi nyingine ikija atanitafutia mwenzangu wa kuangalia naye. Nimekataa. Huyo atakuwa mtu wa heshima, atakubaliana na mimi, na mimi sitaki.

Nakuahidi eda nitaimaliza inavyotakiwa. Nasra atasoma mpaka mwisho, nikishona usiku na mchana. Na sitasema nimeona nisichokiona, hata kwa uchungu. Zaidi ya hapo usinitake ahadi, mume wangu, sina.

Kwaheri. Mungu akupanulie kaburi lako. Nimekosa mimi, umepatia wewe, na nyumba nzima hakuna wa kunicheka.

Mkeo,
Mama Nasra