Mgongo Usiotakiwa Kupona

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamenifunga kama gunia. Mkanda mmoja chini ya mbavu, mwingine kiunoni, halafu nikalazwa juu ya meza iliyogawanyika katikati. Nusu ya chini inavutwa na mota — polepole, inaachia, inavuta tena. Dada wa mashine, msichana mwembamba anayejiona daktari bingwa, akanieleza kwamba diski yangu imetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu. Ndiyo maana mguu wa kushoto unawaka moto hadi kidole gumba. Hakuna kisu, Mama, alisema, tunavuta tu ili diski ipate nafasi ya kurudi. Akanipa kitufe mkononi. Nikizidiwa nibonyeze, mashine itasimama.

Mkwe wangu alikaa pembeni na tumbo lake. Mimba ya miezi sita, na tayari anatembea kama bata! Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akatabasamu. Huyu hata umtemee mate atatabasamu tu.

Jioni mwanangu akasema: Mama akipona, mimi na mke wangu tunahama. Kampuni yake imempa cheo katika mji mwingine. Alisema kwa furaha, kama ananipa zawadi. Wao wahame, na mimi nibaki na nani humu ndani? Na friji?

Jumatano, 12 Machi

Balaa! Nimepona.

Nimeamka, nikavaa soksi mwenyewe, nikasimama. Hakuna maumivu. Nikatembea hadi dirishani na kurudi. Nikalia kwa furaha, sifichi. Kisha nikamsikia mkwe chumbani kwao akiburuta masanduku huku anaimba. Nikavua soksi haraka, nikajitupa kitandani, nikaanza kuguna.

Alikuja mbio. Nikamwambia leo ni mbaya kuliko jana. Akapiga magoti kunivalisha soksi zile zile, na alipotaka kuinuka akashindwa, akabaki ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. Sikumpa mkono. Mgonjwa anampaje mtu mkono?

Ijumaa, 14 Machi

Kliniki. Kutoka sifuri hadi kumi, Mama, unaumwa kiasi gani? Tisa, nikasema. Dada wa mashine akakunja uso, akasoma kompyuta yake, akaongeza mvuto kidogo. Nikabonyeza kitufe na kupiga ukelele. Raha yake! Mota inanyamaza, watu wanakuja mbio, mkwe ananipepea kwa gazeti.

Nyumbani nimedai maji ya moto ya kukanda mgongo. Beseni zima. Alipolifikisha nikasema yamepoa, akayarudisha.

Mwanangu hajagusa chakula. Anasema wanataka jibu kazini. Nikamwambia aende zake, nitajiburuta hivyo hivyo. Nilijua atafanya nini. Akainamisha kichwa, akasema siwezi kukuacha hivi, Mama.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejikaanga mwenyewe. Mjinga mimi!

Dada wa mashine alinikalisha ukingoni mwa meza, akachuchumaa, eti anakagua unyayo wangu. Akaniuliza habari za mwanangu, na mimi nikianza habari za mwanangu sinyamazi. Huku nabwabwaja, akanyoosha mguu wa kushoto ukawa sawa kama rula. Sikusema hata "ah". Baadaye akanilaza chali, akauinua mguu ule ule kidogo tu — nikapiga kelele za kuezua paa. Sawa, Mama, akasema. Kwa sauti ya karani anayefunga dirisha.

Walipotoka kwenda ukumbini mlango haukufungika vizuri. Nikamsikia anamwambia mkwe kwamba mguu ulionyooka vile mtu akiwa amekaa hauwezi kuuma vile akiwa amelala. Amepona huyo, dada.

Mkwe akasema: Najua. Nilimwona dirishani wiki iliyopita. Usimwambie mume wangu, atavunjika moyo.

Basi usimwinue tena na tumbo hilo, yule akasema. Siku moja mwache tu asimame mwenyewe, utaona.

Anajua! Anajua na bado ananivua viatu. Heri angenitukana. Huruma yake inanichoma kuliko ule mshipa ulivyowahi kunichoma. Tulipofika nyumbani nikanyoosha miguu, nikamwangalia usoni. Akapiga magoti. Basi na apige, kama anapenda kuwa mtakatifu. Nimemwambia zulia la chumbani linanuka, alifue kwa mkono.

Jumatano, 19 Machi

Nimeshinda. Asubuhi mwanangu amenibusu kipajini, akasema leo saa kumi na moja akirudi atawapigia wakubwa zake simu na kuikataa kazi. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

Nimemtuma akasugue bafu. Kwa sabuni ya kutosha, nikamwambia, sitaki kuteleza mimi na mgongo huu.

Kuna kishindo sasa hivi. Ndoo imebiringika.

Ananiita. Mama! Mama, njoo!

Aha. Siku moja mwache tu asimame mwenyewe, utaona — si ndivyo dada wa mashine alivyomfundisha? Ndiyo leo! Na wamepima saa vizuri — mume anakaribia kurudi, simu haijapigwa. Nikimbie ukumbini kama msichana, yeye akae sakafuni anicheke, na mwanangu aambiwe kila kitu mezani. Njama ya kitoto. Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana hadi nikastaafu. Wamezimia mbele yangu wengi sana, hasa siku za mtihani. Huwainui. Unakaa, unaendelea na kazi yako, wanachoka, wanajiinua wenyewe.

Anasema kuna damu. Neno zuri amechagua. Wale wangu walikuwa wakisema hivyo hivyo.

Mama, nakuomba, najua unaweza.

Umesikia? Amejifichua mwenyewe! Najua unaweza. Hapo ndipo mtego ulipo. Sitoki. Nimeweka mto chini ya goti, kama wanavyotaka kliniki.

Sasa haniiti tena mimi. Anamwita mume wake, kwa sauti ndogo, na anajua fika kwamba hayupo. Anaigiza vizuri, nampa haki yake.

Maji yamepita chini ya mlango wangu. Yana wekundu. Sabuni ile ya bafu ni ya rangi ya waridi, nadhani.

Amenyamaza. Nasubiri acheke.