Herufi ya Ishirini na Sita

Kisangani, Jumapili

Mama yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na papa. Goti lako linasemaje siku hizi? Na papa, kikohozi kimemwacha au bado anakificha ili asinywe dawa? Mimi mwili ni mzima, na kabla hujauliza: ndiyo, ninakula, hata lituma ya huku, ndizi zao za kupondwa, nimeizoea. Ila moyo haujatulia tangu Jumatatu. Nakuomba usome mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo nataka unisaidie.

Kwanza lile la pilote. Nasikia umewaambia wamama wa kikundi cha maombi hapo Kindu kwamba mtoto wako anatengeneza pilote, nao wanaombea ndege zangu. Mama, pilote yangu hairuki! Kwa Kifaransa cha kompyuta ni programu ndogo inayokaa ndani kabisa na kuiwezesha kompyuta kuongea na mashine. Yangu inaongea na mashine ya kuchapa vikaratasi vya kubandika katika maabara ya hospitali: juu jina la mgonjwa, chini kundi lake la damu. Ile iliyokuja na mashine ilikataa kufanya kazi kwenye kompyuta zetu, nikaandika nyingine mwenyewe. Nilijivuna sana, nisikufiche.

Jumatatu asubuhi Mama Feza, muuguzi mkubwa wa maabara, alikuja na kikaratasi kwenye ncha ya kidole.

"Sifa, mashine yako inaandika nini hapa? Huyu mama iko O, mi mwenyewe nilimupima. Hii inasema A."

Nikacheka, nikasema labda alichoka. Hakucheka. Akanitolea vingine mfukoni, ambavyo mahali pa kundi palikuwa na vipande vya maneno tu. Hivyo walikuwa wanavikata kwa kalamu na kuandika upya, wakidhani mashine ina wazimu wake. Lakini A haikatwi na mtu, kwa kuwa A ni kundi la kweli.

Nikafungua kazi yangu, na sikuchukua muda kuona. Jina nililipa nafasi ya herufi ishirini na tano, na nafasi ya jirani yake ni ya kundi la damu. Sikuweka mahali popote pa kupima jina kabla ya kuliandika. Likiwa refu, linamwagika kwa jirani na kufuta kilichokuwapo. Na jina la herufi ishirini na sita linalomalizikia kwa A linamgeuza mtu wa O kuwa wa A, safi kabisa, bila alama ya kosa. Mama, wewe unajua majina yetu: la baba, la ukoo, la ubatizo, na mangapi yanamalizikia kwa A.

Nilikaa chini nikalia. Mama Feza akaniondoa mikono usoni.

"Bon, usilie kwanza. Tutafute batu, nyuma utalia."

Mashine ikazimwa. Nilirekebisha pilote siku ileile: sasa inapima jina kwanza, inalipa nafasi ya kutosha, na likizidi hata hapo inakataa kuchapa na kusema kwa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa orodha. Wenye majina marefu tuliwaita mmoja mmoja, wakapimwa upya. Hakuna aliyekuwa ametiwa damu isiyo yake, nashukuru Mungu, kwa sababu kabla ya kutia damu Mama Feza hupima tena kwa mkono wake, haamini karatasi. Akabaki mzee mmoja aliyekwisha ruhusiwa, na kikaratasi chake kimebandikwa kwenye kadi anayotembea nayo.

Tulimtafuta mtaani Kabondo siku mbili, mimi nyuma ya toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Tulimkuta anafunga mizigo aende Buta. Nikamweleza. Akaisoma kadi yake kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Donc jina yangu ndiyo iko na makosa?"

"Hapana, papa. Jina yako iko sawa. Ni mi sikuipimia nafasi."

Akanipa kadi kwa mikono miwili. Afadhali angenitukana.

Sasa sikia aibu yangu yenyewe. Kabla ya kuwapa mashine niliijaribu mara nyingi, na kila mara kwa jina langu: Amisi Sifa. Unajua kwa nini nililikata. Shuleni walinicheka, eti vita na mapenzi kwa mtu mmoja. Ulinigombeza kila nilipoliacha jina la bibi, nami nikakuona mkaidi. Jana nilirudisha pilote ya zamani kwenye kompyuta ya pembeni, kwa kujaribu tu, nikaandika jina lote ulilonipa. Pamoja na nafasi za katikati ni herufi ishirini na sita. Mimi ni O. Ilitoka A.

Kikaratasi hicho nimekibandika nyuma ya barua hii. Ndiyo maana sikupiga simu. Nataka ukishike, ukijue sura yake. Kompyuta ilianza kuweka orodha siku ya tano tangu mashine ianze kazi. Waliopita siku nne za mwanzo hatuna majina yao, na wengine wanatoka huko kwenu, walirudi kupitia Ubundu. Sijui ni wangapi. Silali nikiwafikiria.

Nisalimie papa, dada Zaina na biashara yake ya samaki, na tonton Idi fundi baiskeli, ambaye kila msafiri hupita kwake. Umwonyeshe yeye kwanza. Na wamama wa maombi uwaambie waache ndege, watafute kadi. Yeyote aliye na kikaratasi kama hiki apimwe upya, jina lake liwe refu au fupi. Wakiuliza nani alikosea, usiseme ni pilote. Sema ni mtoto wako, na utaje jina lote.

Mimi wako,

Amisi Mwavita Mapenzi Sifa